Jenerali Sudirman wa Indonesia: Amana iliyobebwa kwa machela

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila taifa lililowahi kutawaliwa na wageni lina siku yake ya kukumbuka kujitawala. Siku hiyo bendera hupandishwa, mizinga hupigwa, majeshi hupita kwa gwaride, na watoto hupelekwa uwanjani kushangilia. Kuikumbuka neema ni jambo jema, kwani asiyeikumbuka neema hawezi kuishukuru. Lakini yafaa tujiulize, tunapowapigia makofi wanajeshi wanaopita mbele yetu, ni kitu gani hasa tunachokiheshimu kwao? Ni sare na silaha, au ni jambo jingine lisiloonekana kwa macho?

Ili tupate jibu, leo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, ambao wengi wao, kama walivyo wengi wetu wa mwambao wa Afrika Mashariki, wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Mtu huyo ni Jenerali Sudirman, amiri wa kwanza wa jeshi la nchi hiyo. Hakusoma chuo kikubwa cha kijeshi, hakuishi maisha marefu, na sehemu kubwa ya vita yake ya mwisho aliipigana akiwa mgonjwa asiyeweza kutembea. Pamoja na hayo, hakuna mwanajeshi wa Indonesia anayetajwa kwa heshima zaidi yake.

Mtoto wa kulelewa

Sudirman alizaliwa tarehe 24 Januari 1916 huko Purbalingga, katika Java ya Kati, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Uholanzi. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini. Mjomba wake, Raden Cokrosunaryo, aliyekuwa mtumishi wa serikali mwenye uwezo kidogo, alimchukua akamlea kama mwanawe, na baada ya kustaafu akahamia pamoja naye katika mji wa Cilacap, ulio kwenye pwani ya kusini ya kisiwa hicho. Sudirman alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka 18 alipoelezwa kwamba waliomlea si waliomzaa.

Shuleni hakujulikana kwa ukali wala kwa ubabe. Alijulikana kwa kushika dini, hata wanafunzi wenzake wakampachika jina la haji ilhali hajapata kuiona Makka. Mwaka 1934 mlezi wake alifariki dunia na maisha yakawa magumu. Kijana yule akajiunga na kazi za Muhammadiyah, jumuiya ya Kiislamu iliyoasisiwa na Sheikh Ahmad Dahlan mjini Yogyakarta mwaka 1912 kwa ajili ya elimu, tiba na huduma kwa wanyonge. Humo alikuwa kiongozi katika chama cha skauti cha Hizbul Wathan, na kisha akawa mwalimu wa shule ya msingi, hadi akafikia kuwa mwalimu mkuu. Mwaka 1936 alimwoa Bibi Alfiah, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto saba.

Basi tuzingatie, ndugu zangu, kwamba amiri jeshi huyu alianza akiwa mwalimu wa watoto. Mwalimu amekabidhiwa watoto wa watu wengine, naye ataulizwa juu yao. Huo ndio msingi aliotoka nao darasani akaingia nao vitani, na yote yaliyofuata katika maisha yake yanaeleweka vyema zaidi tukilikumbuka jambo hilo.

Kuingia jeshini

Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliwafukuza Waholanzi na kuitawala nchi. Waliunda jeshi la wenyeji la kuwasaidia ulinzi, na mwaka 1944 Sudirman, akiwa mtu mwenye kuheshimiwa katika eneo lake, alichukuliwa na kupelekwa mafunzoni Bogor. Aliporudi alipewa kuongoza batalioni huko Kroya.

Mwezi Aprili 1945 baadhi ya askari wa batalioni yake walichoshwa na dhuluma za Wajapani, wakaasi na kukimbilia porini. Wakuu wa Kijapani walimtaka Sudirman awazime. Alikubali kwa sharti: askari hao wasiuawe, na vijiji vilivyowahifadhi visichomwe moto. Sharti likakubaliwa. Sudirman akawafuata waasi, na kwa kipaza sauti akawahakikishia usalama wao, nao wakajisalimisha. Angeweza kujipatia sifa kwa mabwana wa wakati ule kwa kuwamaliza vijana wale. Yeye aliwahesabu kuwa ni amana yake, sawa na wanafunzi waliokosea, akazikinga roho zao na nyumba za wanakijiji.

Ijumaa ya Ramadhani

Siku chache baada ya Japani kutangaza kushindwa, yaani tarehe 17 Agosti 1945, Sukarno na Mohammad Hatta walisimama mbele ya nyumba ya Sukarno mjini Jakarta wakatangaza kuwa Indonesia ni nchi huru. Ilikuwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Ramadhani 1364, na watu wengi waliokuwa pale walikuwa wamefunga. Hakukuwa na gwaride wala mizinga. Kulikuwa na bendera nyekundu na nyeupe iliyoshonwa na mke wa Sukarno, Bibi Fatmawati, na kulikuwa na tangazo fupi lililosomwa asubuhi. Tarehe hiyo ndiyo inayosherehekewa nchini humo mpaka leo.

Lakini kutangaza uhuru ni jambo moja na kuulinda ni jambo jingine. Waholanzi hawakuwa tayari kuiacha nchi yenye mali nyingi kiasi kile. Majeshi ya Uingereza yaliteremka kwanza kwa niaba ya washindi wa vita, na nyuma yao Waholanzi wakarudi. Tarehe 22 Oktoba 1945 maulamaa wa jumuiya ya Nahdlatul Ulama, wakiongozwa na Sheikh Hasyim Asy'ari, walitoa tamko kwamba kuilinda nchi dhidi ya wavamizi ni wajibu wa Waislamu. Tarehe 10 Novemba yakaanza mapigano makali ya mji wa Surabaya, ambamo maelfu ya watu walikufa, na siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa huko kuwa Siku ya Mashujaa. Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba damu iliyomwagika haikuwa ya Waislamu peke yao. Luteni Kanali I Gusti Ngurah Rai, Mhindu wa kisiwa cha Bali, aliuawa pamoja na wapiganaji wake tarehe 20 Novemba 1946 akiilinda jamhuri hiyo hiyo.

Sudirman alikuwa Bogor uhuru ulipotangazwa. Alirudi Banyumas, na huko yeye pamoja na viongozi wa kiraia wakafanikiwa kuzipata silaha za Wajapani bila kumwaga damu. Tarehe 12 Novemba 1945 makamanda walikutana Yogyakarta kumchagua mkuu wao. Kura zilipigwa mara tatu, na mwishowe Sudirman alipata kura 22 dhidi ya 21 za Oerip Soemohardjo, mwanajeshi mzoefu aliyekuwa na umri wa miaka 52. Sudirman alikuwa na miaka 29. Oerip hakununa wala hakujitenga. Alikubali kuwa mnadhimu mkuu chini ya kijana yule, wakafanya kazi bega kwa bega. Ni wangapi miongoni mwetu tunaoshindwa kwa kura moja katika uchaguzi wa kamati ya msikiti tukaendelea kukaa safu moja na aliyetushinda?

Mwezi uliofuata Sudirman aliongoza mashambulizi ya Ambarawa dhidi ya Waingereza na washirika wao, kuanzia tarehe 12 hadi 15 Desemba, mpaka wakaondoka mjini humo na kurudi Semarang. Tarehe 18 Desemba 1945 akaapishwa rasmi kuwa mkuu wa majeshi.

Utii ulio mchungu

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya mapambano na mazungumzo kwa zamu. Viongozi wa kiraia waliamini kuwa meza ya mazungumzo itawapatia uhuru kwa hasara ndogo zaidi. Sudirman aliamini kuwa Waholanzi wanatumia mazungumzo kujipatia muda. Tofauti hiyo haikuwa ya siri. Mwezi Julai 1947 Waholanzi walishambulia, na makubaliano ya Renville ya Januari 1948 yakalazimisha maelfu ya askari wa divisheni ya Siliwangi kuyaacha maeneo yao ya Java Magharibi na kuhamia eneo dogo lililobaki mikononi mwa jamhuri. Kwa amiri yeyote, kuwaamuru askari wake waiache ardhi wanayoilinda ni jambo zito. Sudirman alisikitika, lakini askari wakaondoka kama serikali ilivyokubaliana.

Hapa pana somo kubwa. Bara letu la Afrika limeona mara nyingi wanajeshi waliotofautiana na serikali wakaamua kuyageuza mapipa ya bunduki kuelekea ikulu. Sudirman alikuwa na bunduki, alikuwa na askari wanaompenda, na alikuwa na hoja yenye nguvu. Alisema aliloliona kuwa ni haki, akalalamika, akashauri, na mwisho wake akatii. Alijua kwamba silaha aliyoishika haikuwa mali yake. Ni mali ya umma, naye amewekewa tu.

Kutoka kitandani

Mwaka 1948 ulikuwa mgumu kwake. Mwezi Septemba uliibuka uasi wa wakomunisti huko Madiun, wananchi wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Muda mfupi baadaye Sudirman aliugua kifua kikuu. Madaktari walilazimika kulizima pafu lake moja, akabaki akipumua kwa lile la pili. Mwezi Novemba rafiki yake Oerip alifariki dunia.

Alfajiri ya tarehe 19 Desemba 1948 Waholanzi waliushambulia mji wa Yogyakarta, uliokuwa makao makuu ya jamhuri wakati ule. Ndege zilipiga kiwanja cha Maguwo, na askari wa miamvuli wakateremka. Sudirman alikuwa nyumbani kwake, ametoka hospitali karibuni. Alitoa amri kwa redio kwamba majeshi yaingie katika vita vya msituni, kisha akaenda kwa Rais Sukarno. Rais alimtaka arudi kitandani ajiuguze. Yeye hakukubali. Baraza la mawaziri liliamua kubaki mjini, likapeleka madaraka kwa Sjafruddin Prawiranegara aliyekuwa Sumatra ili aunde serikali ya dharura. Siku hiyo hiyo Sukarno na Hatta walikamatwa na Waholanzi.

Yule mgonjwa mwenye pafu moja akatoka mjini pamoja na kundi dogo la walinzi na daktari wake. Kwanza waliteremka kusini mpaka pwani, kisha wakageukia mashariki kuelekea Kediri. Walipofika kwenye njia zisizopitika kwa gari, alibebwa kwa machela. Kwa muda wa miezi saba hivi, katika misimu ya mvua na ya jua, milimani na mabondeni, amiri wa majeshi ya nchi alikuwa akipokezanwa mabegani mwa askari na wanakijiji. Sehemu ya vidani vya mkewe viliuzwa ili kupata fedha za safari na za mapambano. Chakula kilikuwa kile walichokipata kwa wenyeji, na wenyeji wale walijua kwamba wakigundulika watapata adhabu kali.

Waholanzi walimwinda bila kuchoka. Wakati mmoja, walipokuwa wamekaribia kumpata, afisa mmoja alivaa mavazi ya Sudirman akaondoka na kundi kubwa kuelekea upande mmoja ili adui amfuate yeye, huku Sudirman mwenyewe akipitishwa kimyakimya upande mwingine. Mnamo Aprili 1949 walifika kijiji cha Sobo, katika wilaya ya Pacitan, wakakaa hapo zaidi ya miezi mitatu. Kutoka katika nyumba ile ya kijijini, kwa barua zilizochukuliwa na wajumbe wa miguu, aliendelea kuwasiliana na makamanda wake.

Huenda msomaji akauliza, mgonjwa wa kubebwa alikuwa na faida gani vitani? Jibu ni kwamba Waholanzi walikuwa wakiutangazia ulimwengu kuwa jamhuri imekwisha na jeshi lake limesambaratika. Kuwapo kwa Sudirman porini kulikuwa ushahidi kwamba maneno hayo si ya kweli. Tarehe 1 Machi 1949 wapiganaji waliingia Yogyakarta mchana kweupe wakaushika mji kwa muda wa saa sita, na habari zikaenea duniani. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuwataka Waholanzi waache vita na wawaachie viongozi waliofungwa. Mwezi Mei pande mbili zikakubaliana, na mwezi Julai Sukarno na Hatta wakarudi mjini. Basi waliokuwa wakizungumza mezani walipata nguvu kutokana na waliokuwa wakivumilia porini, na waliokuwa porini walipata mlango wa kutokea kutokana na waliokuwa mezani.

Kurudi na kuondoka

Sudirman hakutaka kurudi haraka, kwa kuwa aliona Waholanzi wangeangamizwa zaidi iwapo vita vingeendelea. Baada ya kusihiwa na wenzake alikubali, na tarehe 10 Julai 1949 aliingia Yogyakarta. Watu walimwona mtu aliyekonda sana, amevaa koti refu na kilemba cha Kijava, akipokea heshima za kijeshi huku miguu yake ikimhimili kwa shida. Sukarno alimkumbatia. Wale wawili walioachana Desemba bila kukubaliana walikutana tena wakiwa ndugu.

Usitishaji wa mapigano uliotangazwa Agosti ulimuudhi, hata akafikiria kuacha wadhifa wake. Hatimaye alibaki na kuutii uamuzi wa serikali. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kituo cha wagonjwa wa kifua huko Pakem, na mwezi Desemba akahamishiwa nyumba moja mjini Magelang. Tarehe 27 Desemba 1949 Uholanzi iliikabidhi Indonesia mamlaka yake. Sudirman aliishi siku 33 tu baada ya hapo. Tarehe 29 Januari 1950, akiwa na miaka 34 na siku tano, aliiaga dunia, akimwacha mjane na watoto wadogo. Kesho yake mwili wake ulipelekwa Yogyakarta kwa msafara mrefu wa magari ya kijeshi huku maelfu ya watu wakiwa wamejipanga njiani. Ulipelekwa Msikiti Mkuu wa mji huo, kisha akazikwa katika makaburi ya mashujaa ya Semaki, kando ya Oerip, yule aliyemshinda kwa kura moja. Mwenyezi Mungu awarehemu waja wake wema.

Mwaka 1964 serikali ilimtangaza kuwa Shujaa wa Taifa. Chuo kikuu cha Purwokerto na barabara kuu ya Jakarta zimepewa jina lake, na wanafunzi wa chuo cha kijeshi hupitishwa kwa miguu katika sehemu ya njia aliyobebwa, ili kabla ya kuvaa nyota mabegani wajue uzito wa machela ile.

Tunachojifunza

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Cheo ni amana, bunduki ni amana, na nchi ni amana. Sudirman alipewa darasa la watoto akalichunga, akapewa batalioni akazikinga roho za walioasi, akapewa jeshi akalitumikia kwa pumzi ya pafu moja, na hakulitumia jeshi hilo kujitafutia utawala. Hilo ndilo tunaloliheshimu kwa mwanajeshi, na pasipo hilo sare ni nguo tu.

Pia tusiwasahau wasioandikwa. Jina la Sudirman limebaki, lakini majina ya wengi waliombeba hayajulikani kwetu, wala ya wanawake waliompikia usiku na kuzima moto kabla ya alfajiri. Kila nchi ina watu wa namna hiyo. Tunapoziadhimisha siku zetu za uhuru, baada ya gwaride kwisha na viti kukunjwa, tuwatazame waliobaki katika mitaa yetu: mjane wa askari aliyefia mpakani, mzee aliyerudi vitani na mguu mmoja, mtoto anayemjua baba yake kwa picha ya ukutani. Kumtembelea, kumwombea dua, kumsaidia karo ya mwanawe na kumpokea kwa heshima msikitini ni katika kuwaheshimu mashujaa, na pengine ni sehemu iliyo nzito zaidi mbele ya Mola wetu kuliko makofi.

Na nyinyi wazazi, mkiwasimulia watoto habari za vita, wasimulieni na habari za machela. Waambieni kwamba uhuru walioukuta ulibebwa mabegani mwa watu, na kwamba zamu ya kubeba huhama kutoka kizazi kimoja kwenda kingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nchi zetu amani, awape viongozi wetu na walinzi wetu uadilifu, na awarehemu wote waliotangulia katika kuutetea utu wa binadamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.